Sura ya Sita: Mikono Ndani ya Tokamaki

Mapema mwaka 1998, huko Culham katika jimbo la Oxfordshire nchini Uingereza, mafundi walikuwa wakifungua bolti moja baada ya nyingine ndani ya chemba ambayo hakuna binadamu aliyeruhusiwa kuingia. Fundi alikaa chumba kingine, mbele ya skrini, ameshika jozi ya mikono ya chuma. Alipoinua mkono wa kulia, ndani ya chemba mkono wa kulia wa roboti uliinuka. Spana ilipokaza kwenye kichwa cha bolti, uzito ule ule ulirudi hadi kwenye viganja vyake, akajua kwa kuhisi, si kwa kuona tu, kwamba bolti imeshika au inaanza kulegea. Zamu yake ilipokwisha, mwenzake alikaa kitini na kazi ikaendelea.

Miezi michache kabla ya hapo, mwaka 1997, mtambo wenye chemba hiyo, tokamaki iitwayo JET, ulikuwa umetoa megawati 16 za nishati ya muungano wa viini vya atomu, kwa kitambo kifupi, huku ukitiwa megawati 24 za kuipasha moto plazma. Habari hiyo ilienea dunia nzima. Kazi ya mafundi iliyofuata, ya kung'oa vigae vya sakafu ya chemba na kupachika vingine bila mtu kutia mguu ndani, haikupata sifa kama hiyo. Hata hivyo ilikuwa mara ya kwanza kwa mtambo wa muungano kubadilishiwa sehemu kubwa ya ndani kwa mikono ya mbali peke yake, na kwa mustakabali wa nishati hii haikuwa na uzito mdogo kuliko zile megawati 16. Mtambo wa muungano usioweza kutengenezwa hauwezi kuzalisha umeme kwa miaka, hata fizikia yake ikiwa kamilifu. Ujuzi wa kuutengeneza ulipatikana Culham, kwa miaka 40 ya kufungua na kufunga.

Tatizo linaanzia kwenye mmenyuko wenyewe. Deuteriamu na tritiamu ni aina mbili nzito za hidrojeni. Viini vyao vikigongana kwa kasi ya kutosha huungana, vikatoa heliamu na nyutroni moja. Nyutroni haina chaji ya umeme, kwa hiyo sumaku zinazoishikilia plazma haziwezi kuizuia. Inachukua asilimia 80 ya nishati yote na kwenda nayo moja kwa moja ukutani. Katika kituo cha umeme hilo ndilo linalotakiwa, kwa sababu joto la ukuta ndilo litakalochemsha maji na kuzungusha jenereta. Lakini nyutroni hiyo hiyo ikigonga nikeli iliyomo kwenye Inconel, aloi iliyotengenezewa chemba ya JET, huigeuza kuwa kobalti yenye mionzi. Kobalti-58 hupungua kwa nusu kila siku 71. Kobalti-60 huchukua zaidi ya miaka mitano. Kila jaribio linalofaulu, basi, huufunga mlango wa chemba kwa muda mrefu zaidi.

Wabunifu waliliona hilo mapema. Kikundi kilichoongozwa na Mfaransa Paul-Henri Rebut kilianza kuuchora mtambo huu mwaka 1973, kikijua kwamba siku moja utatumia tritiamu na kwamba baada ya siku hiyo kazi ya ndani itahitaji roboti. Mtambo uligawanywa katika pande nane zinazofanana, na milango mikubwa ikaachwa ili mkono mrefu wa mashine uweze kupita. Leo hilo laonekana jambo la kawaida. Wakati ule lilikuwa uamuzi wa gharama, kwa sababu nafasi iliyoachiwa roboti ni nafasi iliyonyimwa sumaku, mabomba au vipimo, na faida yake ingeonekana robo karne baadaye.

Plazma ya kwanza iliwaka tarehe 25 Juni 1983, na Malkia Elizabeth II akauzindua mtambo rasmi mwezi Aprili 1984. Sumaku zake kuu zilikuwa koili 32 za shaba zenye umbo la herufi D, kila moja ikiwa na uzito wa tani 12. Plazma yenyewe ilibuniwa kubeba mkondo wa umeme wa ampea milioni 4.8, lakini kwa marekebisho ya miaka ya mwanzo tu ilifikishwa ampea milioni 7. Tangu hapo JET haikubaki mashine ile ile kwa muda mrefu. Ilifungwa, ikafumuliwa, ikafungwa tena, na baadhi ya vipindi vya ukarabati vilikuwa virefu.

Kwa nini ufundi huu ni mgumu kiasi hicho? Mtu akitazama mpigo mmoja wa JET, yaani uwashaji mmoja wa plazma, anaona mwanga wa waridi kwa sekunde chache, kisha giza. Katika sekunde hizo, katikati ya chemba pana joto linaloweza kufika nyuzi milioni 150 za Selsiasi, mara kumi ya kitovu cha jua. Umbali wa hatua moja au mbili kutoka hapo pana kigae kilichofungwa kwa bolti, na nyuma ya kigae kuna mabomba, nyaya na vipimo. Plazma ikitulia, kigae hupokea joto kwa kiasi kilichokadiriwa. Ikivurugika, mkondo wa mamilioni ya ampea hukatika kwa sehemu ndogo ya sekunde, na nguvu za sumaku zinazozuka hapo huisukuma chemba nzima kwa mamia ya tani, hata ikasogea milimita kadhaa. Kila kiungo, kila mshono wa kulehemu, kila bano lilipaswa kubuniwa kwa ajili ya kishindo hicho, na kukaguliwa baada yake.

Umeme nao ulikuwa na karakana yake. Mpigo mmoja ulidai nguvu ambayo gridi ya taifa isingeweza kuitoa yote kwa ghafla. Kwa hiyo Culham iliwekewa jenereta mbili zenye magurudumu mazito, kila moja likiwa na tani 775 na upana wa mita tisa. Kati ya mpigo na mpigo, mota ndogo ililizungusha gurudumu taratibu hadi raundi 225 kwa dakika. Mpigo ulipoanza, gurudumu lilirudisha nishati hiyo kwenye koili na mwendo wake ukashuka kwa nusu hivi. Kuliongeza kasi na kulipunguza kasi gurudumu la tani 775, mara kadhaa kwa siku, kwa miongo minne, ni kazi ya beringi, mafuta ya kulainishia, breki na watu wenye masikio ya kusikia mlio usio wa kawaida. Vitabu vya fizikia ya plazma havina sura ya beringi. Pasipo beringi hizo pasingekuwa na mpigo hata mmoja.

Kisha kuna ombwe. Kabla ya gesi ya majaribio kuingizwa, hewa hutolewa ndani ya chemba, na kuta huokwa kwa joto la nyuzi 320 ili unyevu na uchafu ulioshika kwenye chuma utoke. Tundu lisiloonekana kwa macho laweza kuharibu wiki nzima ya majaribio. Njia ya kawaida ya kulitafuta katika viwanda ni kupuliza heliamu nje ya mtambo na kuona kama kipimo kilicho upande wa ndani kitaisikia. JET, kama mitambo mingine ya aina yake, ilikutana na kikwazo cha pekee hapo: molekuli ya deuteriamu ina uzani unaokaribiana sana na ule wa heliamu, na kuta za chemba huachia deuteriamu kila wakati. Vipimo vya kawaida haviwezi kuzitofautisha. Anayesaka uvujaji anaisikiliza heliamu ndani ya kelele ya gesi nyingine iliyo karibu sawa nayo, na inambidi aijue mashine yake vizuri ili atambue ongezeko dogo linatoka wapi.

Roboti iliyofanya kazi ya 1998 inaitwa MASCOT. Asili yake ni Italia, miaka ya 1960, na toleo la Culham liliboreshwa vifaa vyake vya elektroniki mara kwa mara huku kanuni yake ikibaki ile ile: mikono miwili inayoongozwa na mikono miwili, na nguvu zinazorudi kwa mwongozaji. Roboti hiyo hubebwa kwenye ncha ya mkono mrefu wenye viungo vingi, unaoingizwa kupitia mlango mmoja wa chemba na kujipinda kuufuata mzingo wake hadi upande wa pili. Kupitia mlango mwingine, mkono wa pili huleta vigae na zana. Zana hizo ni mamia, nyingi zikiwa zimetengenezewa kazi moja tu: kushika kigae cha aina fulani, kufikia bolti iliyo kwenye kona fulani, kukata bomba mahali ambapo msumeno wa kawaida haufiki.

Uamuzi wa kumwacha binadamu aongoze kila tendo wakati mwingine huwashangaza wageni wanaotarajia kuona kompyuta ikifanya yote. Mashine inayofuata programu hufaa pale ambapo kila kitu kipo mahali pake. Ndani ya tokamaki iliyotumika, kigae huenda kimepinda, bolti imeshikana na uzi wake, ukingo umeyeyuka. Fundi mwenye uzoefu huhisi kwamba kigae kimenasa kabla hakijapasuka, akarudi nyuma kidogo, akajaribu kutoka pembe nyingine. Hisia hiyo ndiyo iliyolindwa. Kila hatua ilifanyiwa mazoezi kwanza kwenye mfano wa chemba wenye ukubwa halisi na kwenye picha za kompyuta zenye pande tatu, hadi timu ilipojua mahali pa kila kebo. Bolti moja ikidondoka mahali pabaya, kazi yote husimama mpaka ipatikane.

Kazi kubwa kuliko zote ilikuja kwa sababu ya kaboni.

Kwa miaka mingi kuta za JET zilivikwa vigae vya kaboni, na kwa sababu nzuri. Kaboni haiyeyuki, ikizidiwa na joto huvukizwa tu, na chembe zake zikiingia kwenye plazma haziipozi sana. Wanafizikia waliipenda. Lakini katika majaribio ya 1997 kaboni ilionyesha ubaya wake. Plazma huila kidogo kidogo, kisha kaboni hiyo hujishikanisha na hidrojeni na kutua mahali pengine penye ubaridi, kama masizi yanavyoganda chini ya sufuria. Hidrojeni hiyo ikiwa ni tritiamu, masizi hayo huwa ghala la mionzi. Kati ya gramu 35 hivi za tritiamu zilizoingizwa JET katika kampeni hiyo, takriban gramu 6 zilibaki ndani hata baada ya usafishaji. Sehemu yake ilikutwa kwenye magamba mepesi yaliyokuwa yamebambuka na kuangukia pembe za chini za chemba.

Tritiamu ni ghali na adimu, na nusu yake huoza kila baada ya miaka 12.3. Kituo cha umeme kinachoimezesha kuta zake kingeishiwa mafuta, tena kingevuka kiwango cha mionzi kinachoruhusiwa ndani ya jengo. Hukumu juu ya kaboni ilikuwa wazi, na ilitolewa na vipimo vya mabaki yaliyokusanywa wakati wa matengenezo.

Mwezi Oktoba 2009 JET ilifungwa kwa ajili ya kubadilishiwa ukuta mzima. Chemba kuu ilivikwa beriliamu, chuma chepesi ambacho hakiipozi plazma hata chembe zake zikichanganyika nayo. Sehemu ya chini, iitwayo diveta, ambako heliamu na uchafu huelekezwa ili vivutwe nje na ambako joto hukusanyika kwa wingi, ilipewa tungsteni, inayoyeyuka kwenye nyuzi 3,422. Pale penye joto kali zaidi viliwekwa vigae vya tungsteni tupu vilivyoandaliwa katika kituo cha utafiti cha Jülich, Ujerumani. Penginepo vigae vya kaboni vilipakwa tungsteni kwa mbinu iliyokuzwa Romania. Huo ndio mchanganyiko uliokuwa umepangiwa ITER, mtambo mkubwa zaidi uliokuwa ukijengwa kusini mwa Ufaransa, na JET ilipewa jukumu la kuujaribu kwanza.

Maelfu ya vipande viliingia kwa mikono ya MASCOT, kwa zamu zilizofuatana kwa muda wa mwaka mmoja na nusu. Vumbi la beriliamu ni sumu kwa mapafu, kwa hiyo vifaa vilivyotoka ndani vilishughulikiwa na watu waliovaa mavazi yaliyozibwa na kulishwa hewa safi kwa mpira. Katika kipindi hicho hicho mifumo ya kupasha moto kwa mihimili ya chembe iliongezewa nguvu. Kazi ilimalizika Mei 2011, na plazma ya kwanza ya ukuta mpya ikawaka mwezi Agosti.

Kuhusu tritiamu, matumaini yalitimia: gesi iliyobaki ukutani ilipungua kwa zaidi ya mara kumi. Kuhusu plazma, habari ilikuwa ngumu. Atomu chache tu za tungsteni zikifika katikati hung'aa na kulimwaga joto nje, na namna za zamani za kuendesha mtambo, zilizonolewa kwa miongo miwili ya kaboni, hazikufaa tena. Ubora wa plazma ulishuka. Ilibidi waendeshaji waingize gesi zaidi ukingoni, wasogeze mahali plazma inapogusa diveta, watumie mawimbi ya redio kuisukuma tungsteni itoke katikati. Miaka ikapita katika kujifunza upya. Wapo waliosema wazi kwamba mtambo uliokuwa bora ulikuwa umeharibiwa kwa kuboreshwa, na kwa miaka michache takwimu ziliwapa nguvu ya kusema hivyo.

Hata uharibifu uligeuzwa kuwa somo. Mwaka 2013 kipande kimoja cha tungsteni kiliachwa kimeinuka kidogo juu ya wenzake, kwa makusudi, ili plazma ikipige ukingoni mpaka kiyeyuke. Watafiti walitaka kujua kama tone la tungsteni iliyoyeyuka lingeruka na kuuzima mpigo. Tungsteni iliyeyuka, ikasogea polepole juu ya uso wa kigae, na plazma ikaendelea bila kuathirika sana. Kwa wahandisi wa ITER, waliokuwa wakiamua jinsi ya kupanga vipande vya diveta yao, hicho kilikuwa kipimo chenye thamani kubwa.

Jibu kwa waliokosoa lilikuja Desemba 2021. Kwa mara ya kwanza tangu 1997, JET iliwekwa tena mchanganyiko kamili wa deuteriamu na tritiamu, ikatoa megajuli 59 kwa muda wa sekunde tano. Mwaka 1997 rekodi ilikuwa megajuli 22 hivi. Tarehe 3 Oktoba 2023 ilipanda hadi megajuli 69, kwa takriban miligramu 0.2 za mafuta. Msomaji asipotoshwe na rekodi hizo: nishati iliyoingizwa kuipasha plazma bado ilikuwa nyingi kuliko iliyotoka, na sumaku za shaba na mitambo mingine zilitumia zaidi ya hapo. Kilichothibitishwa ni kwamba ukuta wa chuma, usiomeza tritiamu, unaweza kuishi na plazma yenye nguvu kwa sekunde kadhaa bila kuyumba. Kaboni isingeweza kutoa uthibitisho huo hata ingevunja rekodi zote.

ITER imejifunza mambo hayo, na imejifunza mengine kwa uchungu wake yenyewe. Mei 2022 moduli ya kwanza ya chemba yake, yenye uzito wa tani 1,350 hivi, iliteremshwa shimoni kwa kreni. Baadaye mwaka huo ikatangazwa kwamba mabomba ya kupozea yaliyolehemewa kwenye ngao za joto yalikuwa na nyufa zilizosababishwa na klorini iliyonaswa wakati wa utengenezaji, na kwamba kingo za vipande vya chemba hazikulingana vya kutosha kulehemiwa kwa roboti. Julai 2023 moduli ile ile ikainuliwa kutoka shimoni. Kilomita 23 hivi za mabomba zilipaswa kubadilishwa, na kingo za chemba kujazwa chuma au kuchongwa hadi zifikie vipimo. Ulikuwa uamuzi mchungu na ulikuwa sahihi. Nyufa hizo zingegunduliwa baada ya mtambo kufungwa na kuanza kutoa nyutroni, kuzifikia kungekuwa kazi ya miaka mingi. Mwaka huo huo wa 2023 ITER iliamua pia kuiacha beriliamu na kuvika ukuta wote tungsteni. Ratiba mpya iliyotolewa Julai 2024 inataja mwaka 2034 kama mwanzo wa utafiti.

Diveta ya ITER itakuwa na kaseti 54, kila moja ikiwa na uzito wa tani kumi hivi, na ukuta wake una moduli 440, kubwa zake zikikaribia tani tano. Hizo haziwezi kuinuliwa na mikono ya aina ya MASCOT. Zinahitaji reli ndani ya chemba, magari ya kubebea, na viungo vya mabomba vinavyokatwa na kulehemiwa tena kutoka upande wa ndani. Mwaka 2014 Culham ilianzisha kituo mahsusi cha roboti za mazingira hatari, RACE, na waliokalia kiti cha MASCOT ni miongoni mwa waliokijaza uzoefu.

JET yenyewe ilizimwa tarehe 18 Desemba 2023, kwenye mpigo namba 105,842. Katika siku za mwisho waendeshaji walifanya yale waliyojizuia kuyafanya kwa miaka 40: waliigeuza plazma umbo lake juu chini, kisha wakaelekeza elektroni za kasi kwenye ukuta wa ndani, kwa makusudi, ili kupima madhara yake. Mpigo wa namna hiyo ungehofiwa sana iwapo mtambo ungehitajika kesho yake.

Kubomoa na kusafisha kumepangwa kuendelea hadi karibu mwaka 2040, na ndani ya chemba MASCOT bado ina kazi. Hutoa sampuli za vigae vya beriliamu na tungsteni ili maabara zipime kilichobaki ndani yake, na husogeza vifaa vya leza vinavyosoma tritiamu papo hapo ukutani, bila kigae kufunguliwa. Kila kigae kina rekodi yake: mahali kilipofungwa, mipigo iliyokipitia, joto kilichovumilia. Sasa kumbukumbu hizo zinalinganishwa na chuma chenyewe, kigae kwa kigae, ili wabunifu wa ITER na wa vituo vya umeme vitakavyofuata wajue ukuta wao utahitaji kubadilishwa baada ya muda gani.